Namna ya Kutengeneza Mchujo wa Majani Unaochelewesha Kuchacha kwa Dagaa na Mafuta ya Kupikia

Mnunuzi mzoefu wa dagaa katika mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza, hahitaji kuuliza walikaushwa lini. Waliokaushwa jana hung'aa kama fedha na ukiwashika kiganjani hutoa mlio mkavu, ilhali waliokaa ghalani majuma kadhaa hugeuka njano inayofanana na kutu, na ukimtafuna mmoja ulimi hukutana na uchungu wa mafuta yaliyokaa. Huko si kuoza. Dagaa aliyekauka sawasawa hana maji ya kuwatosha bakteria, kwa hiyo kinachomharibu ni hewa: mafuta yaliyomo mwilini mwake ni laini, ya aina isiyoganda kirahisi, na mafuta ya namna hiyo hushikana haraka na oksijeni. Mafuta ya alizeti yanayoletwa Mwanza kutoka Singida huharibika kwa njia hiyohiyo, na karanga zilizokaangwa vilevile.

Mwongozo huu unamlenga mkaushaji, mkaangaji au muuzaji mdogo wa mwambao wa Ziwa Viktoria anayetaka kutumia majani na viungo vinavyoliwa ili kuchelewesha uharibifu huo. Neno mchujo hapa lina maana ya kile kinachopatikana baada ya majani makavu kulowekwa katika maji ya moto, pombe safi au mafuta, kisha kukamuliwa na kuchujwa. Ubora wa mchujo hupimwa ndani ya chakula chako mwenyewe, si kwa sifa za mmea, wala kwa namba nzuri zilizotoka maabara. Ndiyo maana sehemu ya kujaribu imepewa nafasi kubwa hapa.

Fahamu kwanza unapambana na nini

Kuchacha kwa mafuta huenda kama moto wa nyasi. Chembe moja ya mafuta ikipoteza hidrojeni yake kwa sababu ya joto, mwanga au madini kama chuma na shaba, hugeuka kuwa radikali huru. Radikali hiyo hunasa oksijeni, kisha humpokonya jirani yake hidrojeni, na jirani naye humgeukia mwenzake. Mwishoni hupatikana vitu vidogovidogo vinavyoruka hewani, na hivyo ndivyo pua inavyovinusa kama harufu ya rangi ya mafuta au ya kopo kuukuu.

Polifenoli zilizomo katika majani huukata mnyororo huo kwa kutoa hidrojeni zao wenyewe bila kugeuka kuwa wachokozi wapya. Baadhi yake hufanya kazi ya pili, ya kuyakamata madini yanayochochea. Vitu vyenye uwezo huo ndivyo vinavyoitwa antioksidanti. Kutokana na maelezo hayo yapo mambo mawili ambayo watu wengi huyasahau. La kwanza ni kwamba mchujo hauponyi mafuta yaliyokwisha kuchacha; lazima uwekwe mapema, moto ukiwa bado haujashika. La pili ni kwamba polifenoli hutumika na kwisha, hivyo dagaa uliyemtia mchujo na kumwacha juani ndani ya mfuko mweupe ataharibika tu, kwa kuchelewa kidogo.

Kuchagua mmea

Anza na mmea ambao watu wa kwenu tayari wanaula au wanaunywa. Mwarobaini ni dawa inayoheshimika, lakini si kiungo cha chakula, na dawa nyingine kali za kienyeji zina sababu ya kutolewa kwa vijiko. Ukibaki katika mimea ya jikoni umekwisha kuondoa nusu ya hatari.

Rozimeri ndiyo yenye historia ndefu zaidi viwandani. Asidi ya karnosiki iliyomo ndani yake huyeyuka katika mafuta, na Umoja wa Ulaya unautambua mchujo wa rozimeri kama kiongezi cha chakula kwa namba E392. Hufaa kwa mafuta ya kupikia na kwa vyakula vya kukaanga. Karafuu ina yujenoli, yenye nguvu kubwa, lakini harufu yake humeza kila kitu, na katika kukaanga sehemu yake kubwa hutoroka na mvuke. Choya, ambayo wengine huiita rozela, ina antosianini zinazoipa wekundu wake. Huyeyuka majini, hupenda mazingira yenye uchachu, na hufaa zaidi kwa vinywaji na jemu kuliko kwa mafuta. Mlonge una polifenoli ziitwazo kwesetini na asidi ya klorojeniki, ila hupaka chakula rangi ya kijani na kukiachia ladha ya nyasi. Tangawizi na mrehani vina nafasi yake pale ladha yake inapotakiwa.

Kwa dagaa, chaguo langu ni majani ya mpera. Mpera umejaa karibu kila ua kuanzia Igombe hadi Nyegezi, majani yake yana kwesetini na tanini (polifenoli zinazoleta ukakasi) kwa wingi, na ladha yake ya ukakasi hupotea ndani ya ladha ya samaki. Hakuna anayeyanunua, na labda ndiyo sababu hakuna anayeyathamini.

Kuvuna na kukausha

Vuna asubuhi umande ukishakauka, uchukue majani yaliyokomaa lakini ambayo hayajaanza kuwa na madoa, na uwe na hakika kwamba mti haujapuliziwa dawa ya wadudu. Osha kwa maji safi ya kunywa, si kwa maji yaliyotekwa ziwani moja kwa moja, kung'uta, kisha yatandaze kivulini juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini. Jua la moja kwa moja huua sehemu ya kile unachokitafuta. Kwa hali ya hewa ya kiangazi, siku 3 hadi 5 hutosha. Wakati wa masika huenda ukahitaji kikaushio, na joto lake lisizidi nyuzi 50 za Selsiasi. Jani lililo tayari huvunjika likikunjwa, na kikonyo chake hulia. Likikunjika bila kuvunjika, liache, kwa sababu majani yenye unyevu hushika ukungu ndani ya kopo, na sumu ya ukungu haiondolewi kwa kuchemsha.

Saga kiasi cha kuwa chengachenga kama majani ya chai. Unga laini sana hutoa zaidi, lakini huziba kitambaa na kukuachia tope.

Kukamua kwa maji

Pima gramu 100 za majani makavu kwa lita 1 ya maji. Mwanza iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na kwa sababu hiyo maji huchemka karibu na nyuzi 96 badala ya 100. Hata hivyo hatuhitaji kuchemsha. Yafikishe maji kwenye nyuzi 80 hadi 85, hali ambayo mapovu madogo yanapanda pembeni mwa sufuria lakini uso haujaanza kutokota, kisha tia majani, funika, na uyaache kwa dakika 30 huku ukikoroga mara kwa mara. Kufunika ni muhimu kwa mimea yenye harufu. Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichochemshwa, kamua, kisha chuja tena.

Tumia sufuria ya chuma cha pua au ya enameli isiyobanduka. Nilipoanza kazi hii nilikuwa na sufuria kuukuu yenye kutu kwenye ukingo, na mchujo wangu wa kwanza wa majani ya mpera ulitoka mweusi ti kama wino wa shule. Kwa kweli ulikuwa wino: tanini zikikutana na chuma hutengeneza rangi hiyohiyo ambayo watu wa zamani waliandikia. Rangi pekee isingenisumbua, lakini chuma kile kilichoyeyuka ndicho kichocheo cha kuchacha, maana yake nilikuwa natia maji na moto katika ndoo moja. Sufuria ya alumini nayo huliwa na choya kwa sababu ya uchachu wake.

Mchujo wa maji ni chakula cha vijidudu kama ulivyo uji. Utumie siku hiyohiyo, au uuweke kwenye jokofu kwa siku zisizozidi 2, au uugandishe katika mifuko midogo.

Wapo wanaokamua kwa pombe, na ni kweli kwamba mchanganyiko wa etanoli na maji, ambao pombe ni asilimia 50 hadi 70, hutoa polifenoli nyingi zaidi kuliko maji peke yake. Iwapo utafuata njia hiyo, nunua etanoli inayofaa kwa chakula na ufanye kazi mbali na moto. Gongo isitumike hata kidogo, kwa kuwa huweza kuwa na methanoli, na methanoli hupofusha na kuua. Spiriti ya duka la rangi haina tofauti.

Kukamua kwa mafuta

Mchujo wa maji hauchanganyiki na mafuta ya kupikia. Ukiumimina humo utazama chini ya chupa, na mahali maji na mafuta yanapokutana ndipo matatizo mengine huanzia. Kwa ajili ya mafuta ya alizeti, tumia rozimeri iliyokauka kabisa: gramu 100 kwa lita 1 ya mafuta mapya, katika chombo kilichofunikwa kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji yenye nyuzi 60 hadi 70, kwa saa 2. Angalia mvuke usidondokee ndani. Acha ipoe, chuja mara mbili, hifadhi katika chupa ya rangi nyeusi. Sehemu 1 ya mafuta haya huchanganywa na sehemu 20 za mafuta ya kawaida kama mahali pa kuanzia majaribio.

Majani mabichi au vitunguu saumu vibichi visilowekwe katika mafuta na kuachwa mezani, hata kama chupa inapendeza kuitazama. Ndani ya mafuta hakuna hewa, jani bichi lina maji, na hayo mawili yakikutana huwapa nafasi bakteria wanaotengeneza sumu ya botulini, ambayo haina harufu wala haibadilishi ladha.

Kujua umetia kiasi gani

Kusema "nilitia kikombe kimoja" hakusaidii, kwa sababu kikombe cha leo si kikombe cha kesho. Chukua mililita 10 za mchujo wa maji, uziweke katika kisahani ulichokwisha kukipima, uzikaushe polepole juu ya mvuke mpaka uzito usipungue tena, kisha upime. Mizani midogo wanayotumia wanunuzi wa dhahabu, inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, inafaa kabisa na katika kanda hii haipatikani kwa shida. Kisahani kikiongezeka kwa gramu 0.2, basi lita 1 ya mchujo wako ina gramu 20 za vitu vikavu. Sasa unaweza kurudia kazi yako mwezi ujao ukapata kitu kilekile.

Usidhani kwamba ukizidisha utapata kinga zaidi. Polifenoli zikizidi huweza kugeuka na kuchochea kile zilichotakiwa kukizuia, hasa penye madini, na muda mrefu kabla ya kufika huko mteja wako atakuwa amelalamikia uchungu.

Kuwatia dagaa mchujo

Wakati wa kutia ni kabla ya kukausha, dagaa wakiwa wametoka mtumbwini asubuhi. Safisha kwa maji safi ili kuondoa mchanga na damu, kwa maana damu ina chuma. Changanya lita 2 za mchujo wa majani ya mpera wenye gramu 20 kwa lita pamoja na lita 8 za maji safi na gramu 300 za chumvi. Tumia chumvi nyeupe safi, kwa sababu chumvi chafu hubeba madini yanayoharakisha kuchacha. Loweka kilo 5 za dagaa kwa dakika 15, watoe, wachuje katika tenga, kisha waanike juu ya kichanja chenye wavu. Mchanga wa ufukweni huwachafua, na miamba yetu, pamoja na kuwa kavu na safi machoni, hupata joto kali na kuwapika upande mmoja. Maji hayo ya kulowekea yasitumike zaidi ya mara mbili.

Kwa dagaa wa kukaanga, utaratibu ni ule wa mafuta ya rozimeri. Watie dagaa waliokauka katika mafuta yenye nyuzi 170 hadi 180, watoe kabla hawajawa kahawia, wachuje vizuri juu ya wavu. Mafuta mengi yanayobaki kwenye mwili wa dagaa ndiyo yatakayochacha kwanza, kwa hiyo dakika 10 za ziada za kuchuja zina faida inayoweza kushinda mchujo wowote. Mafuta yaliyokwisha kukaangia mara nyingi huanza safari yakiwa tayari yameungua, na hapo hakuna jani litakalokusaidia.

Kujaribu kwa haki

Tengeneza mafungu matatu kutoka mtumbwi mmoja, siku moja: la kwanza halijalowekwa kabisa, la pili limelowekwa katika maji ya chumvi bila mchujo, la tatu katika maji ya chumvi yenye mchujo. Fungu la pili ndilo ambalo karibu kila mtu huliruka, na bila hilo hutajua kama tofauti uliyoiona imeletwa na majani au na chumvi tu. Yaweke katika vyombo vinavyofanana, ujaze sawa, uviandike namba za nasibu badala ya majina, na uviweke rafu moja. Asiyejua namba zina maana gani ndiye anayetakiwa kunusa.

Kila baada ya siku 7 fungua, nusa mara moja kwa ghafla, na uandike. Pua huchoka; harufu ya kwanza ndiyo ya kuaminiwa. Baada ya wiki 4 fanya jaribio la sahani tatu: mbili zina dagaa wa fungu moja, ya tatu ina wa fungu jingine, na mwonjaji anaulizwa ipi ni tofauti. Kwa kubahatisha tu, mtu mmoja kati ya watatu atapatia. Kwa hiyo ukiwa na waonjaji 6, usishangilie mpaka watano wao wapatie, na wakipatia wanne au chini ya hapo uhesabu kuwa hujathibitisha kitu. Nimeona watu wakiwapa wake zao na majirani dagaa wa aina moja huku wakisema "hawa ndio wenye dawa", na kila aliyeonja akasifu.

Ikiwa muda ni mfupi, mafuta huweza kuwekwa katika oveni ya nyuzi 60 na kunuswa kila siku. Njia hiyo huonyesha nani anatangulia kuharibika, lakini haikupi tarehe ya kuandika kwenye lebo.

Maabara na namba zake

Kipimo kinachohusu kuchacha moja kwa moja ni thamani ya peroksidi, ambayo huhesabu zao la mwanzo la mafuta kushikana na oksijeni. Kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, huruhusu mpaka miliekwivalenti (kizio cha kuhesabia oksijeni iliyoshikwa) 10 za oksijeni kwa kilo ya mafuta ya mimea yaliyosafishwa, na 15 kwa yaliyokamuliwa bila joto. Jihadhari na jambo moja: thamani hiyo hupanda kisha hushuka, kwa sababu peroksidi zenyewe huvunjika. Namba ndogo katika dagaa wanaonuka vibaya haimaanishi kwamba ni wazima, ina maana umechelewa kupima. Omba vipimo vya siku mbalimbali, si cha siku moja.

Kipimo kingine kinachotajwa sana ni DPPH. Maabara huchanganya mchujo na dawa ya rangi ya zambarau, na kadiri mchujo unavyotoa hidrojeni ndivyo zambarau inavyofifia kuelekea njano. Mashine husoma badiliko hilo kwenye mwanga wa nanomita 517. Ni kipimo rahisi na kizuri cha kulinganisha majani ya mpera wa uani na wa jirani, au kukaushwa kivulini na kukaushwa juani. Lakini ndani ya bomba hilo hakuna samaki, hakuna chumvi, hakuna moto wa kukaangia. Choya huweza kung'ara katika DPPH na isifanye lolote ndani ya mafuta, kwa kuwa haiyeyuki humo.

Namba hizo hazisemi chochote kuhusu afya ya mlaji. Idara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuweka hadharani orodha ya vyakula na nguvu zake za antioksidanti kwa kipimo kiitwacho ORAC, na mwaka 2012 ikaiondoa, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba wauzaji walikuwa wakizitumia namba za bomba kana kwamba ni za mwilini.

Kufungasha na kuandika lebo

Tumia mfuko mzito usiopitisha mwanga, ujaze hadi juu, utoe hewa kwa mkono au kwa mashine kabla ya kuziba, na uhifadhi mahali pa baridi mbali na bati. Mifuko myembamba inayoonyesha bidhaa huvutia macho dukani, na humgharimu mwenye mali wiki kadhaa za uhai wake. Ukitaka kuonyesha, acha kidirisha kidogo.

Tangu mwaka 2019 masuala ya usalama wa chakula nchini Tanzania yako chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS, ambalo lina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, huwasaidia wajasiriamali wadogo kujiandaa kabla ya kufika huko. Nenda na kumbukumbu zako: uzito wa majani, gramu kwa lita, tarehe, matokeo ya kunusa. Kwenye lebo taja mmea kwa jina lake katika orodha ya viambato, kwa mfano "dagaa, chumvi, mchujo wa majani ya mpera", ili anayetumia dawa za shinikizo la damu au za kuzuia damu kuganda aweze kumuuliza daktari wake. Maneno kama "huondoa sumu mwilini" au "hukinga saratani" yasiwepo. Andika tarehe ya kutengenezwa, na tarehe ya mwisho iwe ile ambayo mafungu yako matatu yameionyesha, ikipunguzwa kwa wiki 2, kwa sababu duka la mteja wako lina joto kuliko rafu yako.